Habari Kwanza, Maji Baadaye

Muchanga ukifagiliwa juu ya sakafu ya sima unalia. Kraa, kraa, kama mutu anayetafuna muchele usiochaguliwa. Juma lililopita wajukuu wangu walirudi kutoka plaji, na yule mukubwa wa kike nikamupa ufagio. Muchanga ulitoka ndani ya viatu, ndani ya mifuko ya suruali, hata ndani ya sufuria moja ambayo sijui ilikwenda kufanya nini kule pembeni ya maji. Mimi nilikuwa pa kiti changu nachagua maharagwe. Niliposikia ule mulio, mikono ikasimama.

"Fagia tena pale," nikamuambia.

"Kambo, pale iko safi."

"Fagia tu."

Akaniangalia kama mujukuu ambaye kambo, bibi yake, ameanza kupotea kichwa. Kichwa changu ni kizima, asanteni. Ni masikio ndiyo yalikuwa yamekwenda mbali, mpaka Kilwa. Si Kilwa ya bahari munayoisikia kwa Watanzania. Kilwa yetu ya Katanga, pa ziwa Moero, kule baba yangu alizaliwa na kule alitupeleka kila mwaka akipata konje, likizo yake ya kazi.

Nitawapa ninyi habari ya kule, sababu hawa wangu nilipowauliza habari ya plaji walinipa simu. Nikaona vidole vya miguu, maji, samaki pa sahani, vidole tena. Nikasema: hizi ni picha, habari iko wapi? Wakacheka. Kwa Tantine Musonda hawangecheka. Wangekaa pa mukeka mpaka mapaja yachoreke mistari.

Tantine Musonda alikuwa dada mukubwa wa baba. Mwanamuke mufupi, mugumu, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi. Sisi tulifika kwake juu ya kamyo ya mizigo, siku mbili za njia kutoka Lubumbashi, tumekaa juu ya magunia ya unga, tumekuwa wekundu kwa vumbi kama matofali. Ziwa liko pale, hatua thelathini, linang'aa. Na hakuna mutoto aliyeruhusiwa kulowesha hata kidole. Kwanza habari. Tulinawa kwa maji ya beseni, tukala bukari, ugali wetu, kisha tukakaa pa mukeka, na kila mutu, kuanzia mudogo kwenda mukubwa, anatoa habari yake ya mwaka muzima: nani aliugua, nani alipona, jino gani lilitoka, jirani gani tuligombana naye na juu ya nini. Mwishoni yeye anatoa za Kilwa. Hakuna kufupisha. Ukiruka kitu anakushika: "Na ule kuku mulikuwa naye mwaka ilipita, alienda wapi?"

"Habari iko kama samaki," alikuwa anasema. "Usipoianika, inaozea mu nyumba."

Alijua anachosema. Kazi yake ilikuwa kuanika chisense, wale samaki wadogo kama sindano, wanaotandazwa pa muchanga asubuhi na kugeuzwa mpaka wakauke. Sisi watoto tulifikiri sheria ile aliitunga kwa kututesa tu, na kila mwaka tuliapa kwamba tukikuwa wakubwa tutaingia majini na viatu, bila kusalimia mutu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa na habari moja ambayo baba hakutaka ianikwe.

Sikuwa tena ku masomo. Mama alikuwa amezaa mapasa, Kyungu na Kabange, na kisha kuzaa akaugua vibaya, hakuweza kuinua hata ndoo. Mutu alitakiwa kuwabeba. Mimi nilikuwa musichana, nimetoka kumaliza mwaka wa pili, basi nikabakia nyumbani, na yaya yangu Kaoma, mukubwa wangu, muvulana, akaendelea. Hakuna aliyefanya kikao. Asubuhi moja Kaoma alichukua daftari, mimi nikapewa kitenge cha kufunga mutoto mugongoni. Mama akapona polepole, nusu nusu. Mapasa wakaacha kunyonya, wakatembea, wakajifunza kuvunja vitu, na mimi bado nilikuwa mugongo tu. Konje mbili zilizofuata hatukwenda Kilwa, na habari zote baba alizituma kwa midomo ya watu wa kamyo. Sasa tulikuwa tunarudi.

Juu ya magunia, Mama amesinzia na mapasa wamesinzia juu yake, Baba akainamia sikio langu. Alikuwa fundi wa vyuma, mikono kama koleo. Sikuwa nimemuona akiogopa kitu.

"Mwansa. Tantine akikuuliza, sema uko mwaka ya ine." Ine yetu ndiyo nne ya vitabu.

"Lakini, Baba, mi nilibakiaka…"

"Mwaka ya ine. Na unasoma muzuri."

"Niko wa kwanza?"

Akafikiri. "Wa tatu. Ukisema wa kwanza atataka kuona karatasi."

Tukafika, tukanawa, tukala, tukakaa. Mama alitoa habari za mapasa, meno na kuhara. Kisha Tantine akanigeukia. "Na weye, mutoto yangu?" Baba alikuwa anaangalia ziwa kama mutu aliyeahidiwa meli.

"Niko mwaka ya ine, Tantine. Niko wa tatu."

Nilitegemea atauliza juu ya kuku. Hakuuliza. Alipiga mikono mara moja, akasimama, akanishika mukono akanivuta mbele ya wote kwenda majini, na Kaoma nyuma analia: "Tantine, mi siyasema habari yangu!" Akamujibu bila kugeuka: "Utaisema ukiwa na ya maana." Sheria yake mwenyewe, akaivunja kwa ajili yangu. Niliingia na nguo zote, maji ni ya moto juu na baridi chini, na sitawaficha: uongo ule ulikuwa mutamu. Nilioga mpaka vidole vikakunjamana.

Kesho yake nilikuwa mutu mukubwa Kilwa. Tantine aliniita Mamuzele, kama walivyoitwa walimu wa kike. Kila mwanamuke aliyepita na beseni aliambiwa: "Unaona huyu? Mwaka ya ine. Wa tatu." Baba akaanza kupenda kuvua samaki mbali, yeye ambaye hakujua kushika ndoano.

Na asubuhi ile, tulipomaliza kutandaza chisense, Tantine akafuta mikono, akakaa pa muchanga wenye maji, miguu imenyooka kama mutoto.

"Mamuzele, kuya. Nifundishe."

"Nini, Tantine?"

"Byote banakufundishaka. Tangu mwanzo. Mi siyakaliaka pa banki ya masomo hata siku moya."

Basi nikafundisha. Nilichora kwa kidole a, e, i, o, u. Aliicheka U: "Hii iko chungu ya kukosa kifuniko." Aliichora mara ishirini. Mbuzi wakapita juu ya A, akaichora tena. Siku ya pili nikampa ba, be, bi. Siku ya tatu nikampa jina lake, akaliandika kubwa, la urefu wa pirogi ya wavuvi, akalizunguka akiliangalia pande zote. Siku ya ine, hesabu za kuongeza, na hapo alinishinda, sababu kichwani alikuwa anahesabu tangu zamani. Siku ya tano, majina ya mwili kwa Kifaransa, kuanzia nywele mpaka kidole cha muguu.

Kaoma alikuwa anapiga kelele kutoka majini: "Masomo ya chisense! Banafunzi ni mbuzi mbili na mama moya!"

"Kuya basi ukuwe mbuzi ya tatu!" Tantine akajibu, na wanawake wote waliokuwa wanaosha vyombo wakacheka mpaka sahani moja ikaelea ikaenda zake.

Jioni ya siku ya tano nilijitafuta kichwani nikakuta ni kweupe. Miaka miwili ya masomo nilikuwa nimeimimina yote. Sikujua kama masomo yanaweza kuisha namna ile, kama gunia la unga unalokung'uta na hakuna kitu. Asubuhi ya sita akafuta mikono, akakaa, akasema: "Twende."

Nilichora A.

"Ile nayua."

Nilichora tena jina lake.

"Mwansa. Ile nayua."

"Tantine, imeisha."

"Nini imeisha?"

"Masomo."

Aliangalia muchanga. "Mwaka ya ine banafundishaka hii tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angekubali, angejuaje? Lakini alikuwa amekaa pale, mwanamuke wa nyumba yake, vidole vyake vimejaa muchanga mubichi, anangoja kitu kinachofuata. Na mimi pia, ninyi munaosoma, nilikitaka kitu kinachofuata. Tangu niwekewe kitenge mugongoni sikuwa nimejua kama ninakitaka.

"Siko mwaka ya ine," nikasema. "Nilifikiaka pa mbili. Nabebaka mapasa."

Alisimama, akaenda kugeuza samaki, mustari baada ya mustari, mpaka mwisho, kama vile samaki wale hawakuwa na kosa. Kisha akaita kwa ile sauti ya mbuzi. Baba akatoka na ndoano yake isiyo na kitu.

"Mudogo, kuya ukae. Habari yetu ilikuwa na tobo. Tunaanza upya."

Tukakaa wote pa mukeka, mchana, jua linachoma. Baba alieleza: mapasa, ugonjwa, nyumba bila mikono. Tantine akamuacha amalize.

"Na Kaoma? Kaoma hana mugongo?"

Kaoma akaacha kucheka.

"Yaya, Kaoma iko mwanaume…"

"Na weye ulikuwa mwanaume. Nani alikubebaka?"

Baba akaangalia miguu yake. Pale ndipo nilipopata habari ambayo hakuna aliyekuwa amenipa: wazazi wao walikufa yeye Musonda akiwa kama mimi, na Baba akiwa wa kubebwa. Akamubeba, akamukuza, akamupeleka kwa mapadri asome. Na Baba siku ya kwanza kupata kazi Lubumbashi alirudi kumuambia: binti yangu wa kwanza atakaa pa banki ile ambayo wewe hukuikalia. Maneno yale Tantine alikuwa ameyaweka miaka yote kama nguo ya harusi.

"Ni miye," Mama akasema, sauti ndogo. "Mi njo sikuwezaka."

"Siyakuuliza weye, mama ya mapasa. Weye ulikuwa mugonjwa." Akamugeukia Baba. "Mapasa banabakia hapa. Banakula, banatembea, mayi iko. Mwansa anarudia ku masomo."

"Yaya, uko muchovu sasa. Ulisema unataka kupumzika."

"Nilisema. Na weye pia ulisema."

Mama alilia siku mbili, kisha akaanza kukunja nguo ndogo ndogo na kuziweka upande. Na mimi je? Munafikiri nilishukuru? Nililia kwa wivu! Mapasa, ambao hawakujua hata kusema neno plaji, walikuwa wanabakia na ziwa zima, na mimi ninarudishwa kwa mwalimu na fimbo yake. Niliona nimepewa adhabu kwa kusema kweli. Kaoma alinielewa kabisa. Alisema ingekuwa yeye angechora A mpaka konje iishe.

Nilirudi ku masomo nikakaa na watoto wafupi kuliko mimi. Mwaka wa tatu nikaupita. Mwaka wa ine nikaupita pia, na nilikuwa wa tatu kweli, karatasi iko ndani ya sanduku langu, mutu asiyeamini aje. Kila konje nilimimina kwa Tantine yale mapya. Kisha mugongo wake ukakataa kubeba, mapasa wakarudi, Mama akazaa mwingine, na mimi masomo yakakoma pale. Mwaka wa ine. Sikulia. Kwa kile nilichonacho nilifanya biashara ya samaki, nikajenga nyumba hapa Hewa Bora, mutaa wa Lubumbashi, na hakuna karatasi iliyonipita ambayo sikuisoma mwenyewe, kidole chini ya neno, hata kama mwenye kuileta anakohoa kwa haraka.

Lakini kuna jambo moja la siku ile ya kuondoka ambalo nililibeba vibaya muda murefu. Kamyo ilipowaka, watu wote wa pale walipunga mikono. Tantine hakupunga. Alisimama tu pa muchanga, ananiangalia, na mimi nikasema moyoni: amenikasirikia, sababu ya uongo. Nikamukasirikia na mimi. Hata nilipokuwa ninamufundisha konje zilizofuata, kidogo cha hasira kile kilikuwa kimebakia.

Nilikuwa mama tayari, nimesimama pa mulango wangu asubuhi moja, dada yangu anaondoka na ananipungia mukono, na mimi nina mutoto mugongoni, nimemushika kwa mukono mumoja, na mwingine mukononi mwa pili, ananivuta sikio. Nilitaka kumujibu. Nikatafuta mukono.

Hapo ndipo nilimuona Tantine Musonda vizuri, pale alipokuwa amesimama: Kyungu mugongoni, Kabange analia kiunoni. Hakuwa na mukono wa kupunga.