Kurasa Nilizomeza Kunduchi

"Huyo ataishia getini," baba mdogo alisema siku habari za ufadhili wangu zilipofika nyumbani kwetu Segerea. Alikuwa amekaa kwenye benchi letu, anakula wali wetu, na bado alibaki na nguvu za kunisema. "Kule wanasoma watoto wa mabalozi. Wale wanaota kwa Kiingereza. Kiingereza chako wewe cha shule ya kata, hata mbwa wa mlinzi hatakielewa."

Watu wakacheka. Jirani yetu, karani mstaafu aliyependa sana kuisikia sauti yake mwenyewe, akaongeza kwamba mtoto wa mchonga vinyago akienda kukaa na Wazungu atarudi na kiburi tu, bila cheti. Mwalimu wangu wa zamani, ambaye ungedhani angejisifu kwa kunifundisha, alisema nitakuwa nimerudi mvua za vuli hazijaanza.

Wote watatu wako hai, na wote watatu hunipigia simu wanapokwama. Kuhusu kiburi, yule karani alipatia. Kuhusu cheti alikosea: ninacho, na stashahada niliyoifuata ng'ambo ninayo, na nimerudi nazo.

Ile shule ya Kunduchi ilikuwa ya kimataifa. Kila mwaka ilimchukua mtoto mmoja wa kidato cha tano kutoka shule za serikali, aliyefaulu kupita wenzake, ikamlipia ada na bweni. Sharti lilikuwa moja: asitoke nje ya watatu wa kwanza darasani. Akitoka, anafungasha. Vitabu, kompyuta, koti la shule na amana ya kuingilia, hayo yalikuwa juu ya mzazi. Baba alikuwa hodari wa kuchonga mpingo, lakini kukopa aliona haya. Mama ndiye aliyefunga kanga yake vizuri akapita nyumba kwa nyumba. Alikopa kwa mwenye genge, kwa fundi cherehani, kwa wanawake wenzake wa mtaa ule. Kila aliyetoa alitoa na maneno yake juu. Kwa hiyo nilijua vizuri kilichokuwa mezani: nikifukuzwa, mama anabaki na madeni ya koti nisilolivaa, na midomo ya mtaa mzima.

Siku ya kwanza mwalimu wa historia alipoingia darasani, nilisimama. Ndivyo tulivyolelewa. Nilikuwa nimesimama peke yangu, mikono imenyooka, na darasa zima limekaa, wengine miguu juu ya viti.

"Kaa chini, bwana," alisema kijana mmoja wa Kiholanzi aliyekuwa nyuma yangu. "Huu siyo wimbo wa taifa."

Walicheka mpaka mwalimu naye akacheka. Nikakaa. Nilimweka yule Mholanzi moyoni, mahali pazuri, penye kivuli, asipotee.

Nilitegemea kukuta majabali ya akili. Niliwakuta watoto waliozoea kusifiwa. Kule mtu alipewa alama kwa kuongea. Anainua mkono, anasema, "Mimi nahisi kwamba," halafu anahisi kwa dakika nzima, na mwalimu anaitikia kwa kichwa kama anasikiliza hotuba ya bungeni. Kitabu hajakifungua. Mholanzi wangu alikuwa bingwa wa kuhisi. Alihisi kuhusu Afrika, alihisi kuhusu Ulaya, na siku moja alihisi kuhusu nchi ambayo baadaye alishindwa kuionyesha kwenye ramani. Kulikuwa na binti mmoja tu wa Kikorea aliyesoma kweli. Huyo nilimheshimu, na sikumwambia.

Mimi nilikuwa na njia yangu. Shule ya kata tuliyotoka, kitabu cha historia kilikuwa kimoja kwa mkondo mzima. Kilizunguka. Kikifika kwako Jumatano, Alhamisi asubuhi kinakwenda kwa mwenzako, na hutakiona tena mpaka mwisho wa muhula. Kunakili chote huwezi. Unafanya nini? Unakimeza. Unakisoma kwa sauti, unakifunika, unakitoa tena kwa mdomo, mpaka ukurasa mzima unaganda kichwani na picha zake na namba yake chini. Sisi tuliita kumeza, na aliyemeza vizuri tulimheshimu kama mfungaji wa magoli. Sasa kule Kunduchi nilipewa kitabu kizima, changu, nikae nacho mwaka mzima. Watoto wale walikitumia kuegemeza simu. Mimi nilikila chote.

Mtihani wa kwanza wa historia ulikuja, swali likahusu sababu za vita vya kwanza vya dunia. Nikamimina. Niliandika kama maji ya bomba. Nilitoka nikiwaonea huruma.

Baada ya siku chache matroni wa bweni, mama wa Kisukuma mwenye sauti ya kengele, alinifuata bwaloni. "We mtoto, unaitwa ofisi ya mkuu. Umefanya nini?"

"Shikamoo mama. Sijafanya kitu."

"Marahaba. Wasiofanya kitu hawaitwi kule. Haya, twende, mie nakusindikiza."

Mkuu wa shule, mama wa Kizungu mwenye nywele za mvi, alikuwa na karatasi yangu mezani. Pembeni yake kitabu cha historia kilikuwa wazi. Mwalimu wa historia alipitisha kidole kwenye karatasi, akakipitisha kwenye kitabu, mstari kwa mstari. Vilifanana kila neno, kila nukta. Hata pale kitabu kilipokosea kuchapa mwaka, na mimi niliandika mwaka ule ule uliokosewa.

"Uliingia na kitabu chumba cha mtihani," mwalimu alisema.

"Sikuingia nacho."

"Basi ulikuwa na kurasa mfukoni. Ukikiri, itakuwa rahisi kwako."

Mkuu alieleza kwa upole kwamba adhabu ya kunakili ni sifuri, na mwenye ufadhili akipata sifuri ufadhili unakwisha. Alisema jambo lile kama mtu anayekueleza ratiba ya chakula. Nilimwona mama anapita mbele ya genge la yule aliyemkopesha. Sikuogopa; nilikasirika. Watu hawa walikuwa na vitabu maisha yao yote, na haikuwapitia akilini kwamba kitabu kinaweza kukaa ndani ya mtu.

"Chagueni ukurasa," nikasema.

"Samahani?"

"Ukurasa wowote. Msinionyeshe."

Mwalimu alitabasamu, akafunua katikati, akataja namba. Nikafumba macho, nikaanza. Nilianza na nusu sentensi, kwa sababu ukurasa ule ulianza na nusu sentensi. Nikasoma aya ya kwanza, ya pili, nikasoma maelezo madogo yaliyo chini ya picha ya handaki la askari, nikamwambia kwamba neno la mwisho limekatwa, nusu yake iko ukurasa unaofuata. Tabasamu la mwalimu lilishuka polepole. Akafunua kwingine. Nikatoa. Akafunua nyuma kabisa, kwenye faharasa, kwa hila. Nikatoa herufi ya kwanza yote.

"Yesu na Maria," matroni alisema mlangoni, kwa Kiswahili. "Huyu ni mashine."

Mkuu alifunga kitabu. Mwalimu wa historia, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa kwa heshima, akasema, "Sawa. Lakini hii siyo elimu."

"Sijui ni nini," nikamjibu, "ila wizi siyo."

Walikwenda pembeni wakanong'ona. Waliporudi walinipa hukumu ambayo mpaka leo nikiisimulia Tabata, ninakoishi sasa, watu hawaamini: nitarudia mtihani, na safari hii darasa zima litafanya pamoja nami, kitabu kikiwa wazi mezani. Mtihani wa kufungua kitabu! Sie tulichapwa viboko kwa kuchungulia daftari, na huku watoto wanaruhusiwa kuingia na jibu kwapani. Swali mwalimu alilitunga kwa ajili yangu, najua: je, unakubaliana na mwandishi wa kitabu hiki? Toa sababu.

Alidhani amenimaliza. Ni kweli kwamba maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza kama nakubaliana na kitabu. Shule ya kata ukimpinga mwandishi unamwona mwandishi amevaa suruali ya mwalimu na fimbo mkononi. Nilikaa kidogo nikitazama dari. Kitabu sikukigusa. Pembeni yangu karatasi zilikuwa zinapigana: watu wanafunua mbele, wanafunua nyuma, wanatafuta kitu ambacho hawajui kilipo. Mholanzi alikuwa anatokwa jasho na feni inamzungukia kichwani.

Mimi nilikuwa nazipitia zile kurasa kichwani, na hapo nikamkamata mwandishi. Sura ya mwanzo alisema vita vile havikuepukika. Karibu na mwisho, mtu yule yule, akasema wakuu wachache wangekubali kukaa kikao vita visingetokea. Asomaye kidogo kidogo hawezi kuona. Aliyemeza chote anayaona maneno yote mawili yamekaa tumboni, yanapigana. Nikaandika hivyo, na namba za kurasa zote mbili, na maneno yake yote mawili, nikamuuliza mwandishi achague moja.

Nilikuwa wa kwanza. Mkorea alikuwa wa pili, kwa mbali. Mwalimu alirudisha karatasi yangu bila kuniangalia, na ufadhili ukabaki, muhula ule na mingine yote iliyofuata. Nafasi ile sikumwachia mtu mpaka nimemaliza.

Mtihani wa mwisho ulipokaribia, wenzangu wa darasa walikuja bwenini kwangu kuomba niwafundishe. Mholanzi ndiye aliyetangulizwa.

"Tunaomba utusaidie," alisema.

"Kwanza salamu. Kwetu mwanafunzi humwamkia mwalimu."

"Hujambo?"

"Hiyo ya watoto. Mie sasa mkubwa wako."

Matroni alikuwa anakunja mashuka pale. Akamwambia neno lenyewe, huku anajizuia kucheka. Yule kijana akalitamka kama mtu anayetafuna mchanga, "Shikamo." Wakapanga foleni, mmoja mmoja, shikamo, shikamo, na mimi nimekaa juu ya kitanda naitikia marahaba. Walipokwisha wote, nikawafundisha. Nilifundisha vizuri, maana kwangu hakuna kitu kinachofanywa nusu.

Baadaye nilikwenda ng'ambo kusomea ufundi wa mitambo ya baridi. Wapo walionicheka: akili yote ile, stashahada tu? Wenye shahada wamejaa Tabata wanatafuta kazi. Mimi samaki wa Kunduchi wanalala kwenye vyumba vya baridi ninavyovitengeneza, na hoteli za ufukweni zikiharibikiwa hunitumia gari.

Mwaka niliorudi nilimchukua mama asubuhi ya Jumamosi tukaanza kulipa. Nililipa waliokopesha fedha, nikamlipa fundi mishono ya koti. Mmoja akasema, "Mwanangu, mie nilishasamehe zamani." Nikamwambia sikuja kusamehewa, apokee. Akapokea haraka kuliko alivyosema. Mwingine alizihesabu mara mbili mbele ya mama.

Wa mwisho alikuwa mwenye genge. Alizifunga kwenye pindo la kanga, akashukuru, akanisifia mwili, halafu akanishika mkono.

"Baba, kwa vile umefika, friji langu haligandishi wiki ya pili hii. Si unitazamie tu?"

Nikaingia ndani, nikalisikiliza, nikatoka nikamtajia bei.

"Ha! Hata mimi niliyekukopesha?"

"Umekopesha, nimelipa," nikasema. "Jumatatu nije, au nisije?"

Alimtazama mama, kusudi mama anikemee. Mama alikuwa anachagua nyanya.

"Njoo," akasema.