Mama Mkwe Alivyoongea na Mtoto

Siku binti yetu wa miezi minane aliposhikwa na homa, mke wangu alikuwa chuo kikuu cha Kibabii akifanya mtihani, mimi niko nyumbani Kitale na mtoto anayechemka. Asubuhi daktari alimpima, akasema si malaria, akanipa dawa ya maji na onyo moja: akikataa kunywa maziwa, mrudishe haraka.

Alikuwa amekataa chupa. Nikajaribu tena, maana mimi hata chenji siamini mpaka nihesabu mara mbili. Akakataa tena.

Nauza nguo za watoto za mtumba, kwa hivyo baridi ya Kitale haikunikuta bila bidhaa. Nilikuwa nimemvika sweta, sweta juu ya sweta, boshori kichwani, soksi na shali. Nikawa nampigia simu mtu wa boda atupeleke hospitali, mama mkwe akabisha hodi. Bintiye, mke wangu, alikuwa amemwita kutoka Sirisia.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono wala kukaa karibu. Alisimama mlangoni, uso ameutupa kando. Nikamlaza mtoto kwenye kochi, nikarudi jikoni, nyuma ya pazia. Ndipo akaingia, akambeba, akaanza kuongea naye, si nami.

"Mama yangu, umefungwa kama gunia la mahindi! Muulize baba yako, ati anakupeleka Ulaya?"

"Mwambie kukhu, nyanya yako, kuna baridi," nikajibu.

"Mwambie baridi iko nje. Moto uko ndani ya hizi sweta. Zinatoka zote."

"Sweta moja ibaki. Na soksi."

"Hapana."

"Soksi basi, kukhu anipunguzie."

"Baba yako anadhani yuko sokoni. Mwambie hapa bei ni moja."

Akambakisha na fulana na nepi, akaagiza kikombe na kijiko. Nikaviweka mezani na maziwa ambayo mama yake alikuwa amekamua akaacha, nikajificha tena.

Kijiko cha kwanza nilisikia kikitemwa. Cha pili, kimya. Halafu midomo ikalamba.

"Amemeza?" nikauliza, nikisahau kupitia kwa mtoto.

Nilijua nimevuka mpaka, lakini nilitaka jibu.

"Mwambie baba yako umemeza," akasema, sauti imelegea. "Umemaliza kikombe, na jasho linakutoka shingoni. Mwambie naye ale kitu, maana akianguka huko jikoni, mimi huyo siwezi kumbeba."