Kitambaa Juu ya Sola

Shirika alilokuwa akiendeshea malori mume wangu lilipouzwa kwa mtu binafsi, wenzake waliopunguzwa kazi pamoja naye walinunua mabati kwa kiinua mgongo chao, wengine mashine za kusaga, mmoja akafungua genge la mitumba. Wangu akanunua tela. Si tela la kubebea mizigo, ni la kulala watu: jeupe, lenye matairi mawili, madirisha ya plastiki, vitanda vitatu vyembamba na meza ya kukunja. Wataalamu wa kuchimba visima walikuwa wamelikokota porini kwa miaka, kisha wakaliacha yadi, na yadi ikapigwa mnada. Alipolileta likivutwa na gari la kuazima, nilitoka nje nikamuuliza tangu lini tumekuwa watalii.

"Tutakaa humu mpaka nyumba iishe," alisema.

Mimi nina mdomo, na siku ile niliutumia wote. Lakini nyumba ya shirika pale mtaa wa Kikuyu tulitakiwa kuihama, na kiwanja chetu cha Mkonze kilikuwa na msingi, rundo la matofali na upepo. Tukahamia kwenye tela. Jirani mmoja alilibatiza basi lisilo na dereva, na jina likashika mtaa mzima.

Nililipenda upesi kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Kulifagia ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Nilipachika mapazia, nikatandaza vitambaa vyangu vya kufuma, maana nimelelewa kwenye nyumba ambayo kitu cha thamani hakikai uchi. Chupa ya chai ilikuwa na kitambaa chake, mtungi wa maji chake, na redio ilikuwa na kile kizuri kuliko vyote, cha maua mekundu. Nilikiondoa jioni saa ya taarifa ya habari, na ikiisha nakirudisha.

Shida ilikuwa mwanga. Nguzo za umeme ziliishia barabara kuu, na kibatari ndani ya tela mume wangu alikipiga marufuku, kwa sababu kuta zile zingeshika moto kama karatasi. Tela lilikuja na paneli ya sola iliyokuwa ikiendesha simu ya upepo ya wale wataalamu. Akaitengenezea miguu ya chuma, akaisimamisha nje kando ya tela, akapitisha waya dirishani mpaka kwenye betri ya gari aliyoiweka ndani ya sanduku chini ya kitanda. Juu akafunga taa moja fupi ya tyubu. Jioni ya kwanza ilipowaka nilipiga vigelegele peke yangu, na yeye akajifanya hakusikia, lakini alitabasamu mpaka tukalala.

Taa ile hasa ilikuwa ya mama yake. Baba mkwe alikuwa amefariki, na mama alibaki peke yake kijijini huko Chemba, macho yakizidi kupungua nguvu. Masika yaliyopita alianguka mlangoni gizani akalala hapo hapo mpaka majirani walipoamka. Mume wangu ndiye mtoto pekee aliyebaki. Alimbembeleza mpaka mama akakubali kuja, ila alikuja na kifurushi kimoja. Jiwe lake la kusagia aliliacha kwa jirani. Mimi sikuona ajabu, lakini mume wangu aliliona hilo kabla hata hajampokea mzigo. Kwao mwanamke akihama huhama na jiwe lake. Akija na kifurushi, huyo ni mgeni.

"Nitaangalia," mama alisema alipoulizwa kama atakaa.

Maisha yake yote alikuwa amelala karibu na makaa ya moto, hajazoea kulala gizani. Kwenye tela moto haukuruhusiwa, kwa hiyo kila kitu kilisimama juu ya ile taa. Siku za mwanzo iliwaka vizuri. Mama alikaa chini yake akichambua mlenda, akiongea na mwanawe kwa lugha yao, ile ya kugonga ulimi kwenye kaakaa, na mimi nikisahihisha madaftari ya wanafunzi bila kuelewa neno. Nilikuwa na raha. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo.

Kisha taa ikaanza kufifia. Jioni moja ikawa ya njano, jioni iliyofuata ikawaka tulipokuwa tunakula na kuzimika kabla hatujanawa. Mume wangu alikagua waya kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikwangua vichwa vya betri, akaongeza maji yake, akaifunga kwenye baiskeli na kuipeleka mjini ichajiwe, na iliporudi ikatumika siku chache, ikafa tena. Mchana alikuwa akihangaika na vibarua mjini, kwa hiyo kazi yote hii aliifanya jioni, amechoka, hasemi na mtu. Mama naye hakulalamika. Siku moja tu, tukiwa tumekaa gizani, alisema kwa Kiswahili ili nami nisikie:

"Jumamosi nitapanda basi nirudi. Nimewaona, mko salama. Inatosha."

Mume wangu alitoka nje. Nilimkuta amesimama kwenye msingi wa nyumba yetu. Aliniambia anamwona mama yake pale mlangoni kijijini, chini, tena na tena.

Ijumaa, wanafunzi wangu walimaliza mtihani mapema, nikarudi nyumbani jua likiwa la utosi. Nilipopita ua wa miti nikaona kitu chekundu. Paneli ilikuwa imefunikwa gubigubi kwa kitambaa kipya cha kufumwa, chenye maua mekundu, kimebanwa kwa mawe pembe zote ili upepo usikipeperushe.

Hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Zilipanda. Nilimfikiria mume wangu na baiskeli yake na ile betri. Mama alikuwa kivulini nyuma ya tela, akipepeta ulezi. Nilifika nikitweta.

"Shikamoo mama," nilisema, kwa sababu hata mwenye hasira huanzia hapo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Mama, kile kitambaa."

Akaweka ungo chini. Uso wake ulifunguka wote. "Umekiona! Nilitaka ukione kesho nikishaondoka. Mama wa nyumba ya pili kanifundisha kufuma. Macho yangu mabaya, maua mengine yamepinda."

Niligeuka nikakitazama tena kile kitambaa.

"Kwetu hatufuniki vitu," aliendelea. "Lakini nimeona wewe unavyotunza nyumba. Redio unaifunika mchana, jioni unaifunua. Nikasema, kile kioo cha mwanangu kinashinda juani kinapauka, na hana kingine. Basi kila asubuhi mkiondoka nakifunika. Jioni kabla hamjarudi nakifunua kifanye kazi."

Hasira zilinitoka zote. Nilikaa chini kwenye vumbi na sketi yangu ya kazini, na machozi yakanijia, na wakati huo huo kicheko. Mama akanishika bega, akiniuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Kile kioo kinakula jua. Kikishiba mchana, ndipo jioni kinatupa taa."

Alinitazama. Akageuka akaitazama paneli.

"Nimekishindisha njaa?"

"Ndiyo, mama."

"Siku zote hizi?" Akajifunika mdomo kwa upande wa khanga, mabega yakaanza kutikisika, na tukacheka wote wawili mpaka kuku wakatukimbia. Kisha akanyanyuka yeye mwenyewe, akaondoa mawe, akakunja kitambaa, akapangusa vumbi kwenye paneli kwa kiganja. Aliangalia jua lilipo, akaisogeza miguu ya chuma kidogo, kama anavyosogeza mkeka wa kuanikia mtama, na baadaye akaisogeza tena.

"Usimwambie mwanangu," alisema.

Jioni mume wangu alirudi amenyong'onyea, akabonyeza swichi kwa mazoea tu. Taa ikawaka. Haikuwa kali, lakini ilikuwa nyeupe, na ikaendelea kuwaka tukila, tukinawa, tukinywa chai.

"Si niliwaambia?" alisema, kifua mbele. "Ilikuwa kutu kwenye vichwa vya betri. Kutu tu."

"Tulijua utaiweza," nilimjibu. Mama aliinamia mlenda wake, hakuthubutu kuniangalia.

Kile kitambaa nilikitandika juu ya sanduku la betri, mahali pa heshima, maua yaliyopinda yakitazama mlangoni. Mama alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwanawe na kumsemesha kwa lugha yao, maneno machache. Nikamwona mume wangu anaweka kikombe chini polepole.

"Amesema nini?" nikauliza. "Basi la kesho ni la saa ngapi?"

Akanigeukia.

"Anauliza ni nani atakayemletea jiwe lake."