Tunajengea Jua la Saa Gani?

Prof wetu wa fizikia alitusomea kwenye revi, gazeti la sayansi, kwamba satelaiti hubeba plake za sola zenye tabaka tatu, kila tabaka likila rangi yake ya mwanga. Nikasema, "Kama sisi kwenye bugali, kila mutu upande wake." Darasa likacheka, yeye hapana.

"Sitwayé, eleza kwa nini plake hizo zikiwekwa huku chini, umeme unapungua jua likiwa jekundu. Ukishindwa, Jumamosi kwenye salongo, kazi yetu ya pamoja, utakata majani ya uwanja muzima peke yako."

Nikakumbuka tunavyopitishiana matofali kwenye salongo hiyohiyo.

"Prof, umeme unapita tabaka zote mkono kwa mkono. Mumoja akichelewa, wote wanangoja. La juu linakula bluu, na asubuhi bluu ni kidogo. Njo lile linachelewesha wengine."

"Basi utafanya nini?"

"Nitalinenepesha, likule na rangi za jirani."

"Na saa sita?"

Saa sita bluu ni tele. Lile nene lingeshiba, la chini yake lingebaki na njaa. "Prof, kwanza uniambie, tunajengea jua la saa gani?"

Akafunga revi, akajikuna kichwa. "Kaa. Majani mutakata wote."

Jumamosi jua lilitoka jekundu juu ya ziwa. Nikaduwaa kuliangalia likigeuka njano, mpaka mwenzangu akanipiga teke: "We musomi, kata!"