Tuliiombea Roshani

Shangazi yangu hakuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu watu wana midomo, na wenye midomo mirefu leo ndio waliokuwa wa kwanza kumsifu. Alikuwa mwalimu mstaafu wa lugha, mwanamke wa miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Kwa miaka kumi na saba barua zote kati ya kanisa letu na kanisa rafiki la nchi nyingine zilipita kwake, kwenye meza ya jikoni, kati ya birika na kikapu cha vitunguu. Wenzetu hawakujua lugha yetu, sisi hatukujua yao. Aliyejua zote mbili ni yeye tu.

Kazi hiyo aliifanya kwa kanuni moja: funika kombe mwanaharamu apite. Wenzetu wakiandika, "Mmekaa miezi minne bila kujibu, mnatudharau?" yeye Jumapili anasimama na kusoma, "Ndugu zetu wanasema wametukumbuka mno." Wazee wetu wa kanisa nao wakija juu, "Waambie wamezidi kutuelekeza kama watoto wadogo," yeye anaandika, "Tunashukuru kwa mashauri yenu." Mimi niliyeishi naye nilikuwa namwona anavyonyofoa miiba, nacheka.

"Shangazi, hapo umeongeza chumvi."

"Nimepunguza pilipili," ananijibu. "Undugu wa mbali huvunjwa na maneno, mwanangu."

Na kweli, makanisa hayo mawili hayakuwahi kugombana hata siku moja. Kila mchungaji aliyeletwa kwetu alituita mfano wa kuigwa.

Sasa, roshani. Ni ile sakafu ya juu, ndani ya kanisa upande wa nyuma, walipokuwa wakikaa wanakwaya, mimi nikiwemo, sauti ya pili. Aliyesimamia ujenzi wake ni mume wa shangazi, ambaye kila mtu, hata mimi, alimwita Fundi. Miaka tisa kabla ya haya wageni walikuja, watu wa nchi mbili wakachanganya zege pamoja, Fundi akiwaamuru wote kwa vidole kwa kuwa lugha hakuwa nayo. Hakuwa na cheti, alikuwa na mikono, na roshani ile ndiyo ilikuwa cheti chake. Ukitaka kumuudhi, mwulize mbona mlango wa ngazi siku hizi unakwama.

Maana ulikuwa unakwama. Vumbi la saruji nalo lilikuwa linadondokea vitabu vya nyimbo vya waliokaa chini, kidogo kidogo, hasa tukiimba kwa makofi. Nguzo ya kushoto ilikuwa na ufa wa kupitisha sarafu, na mwaka huo ukapitisha kidole. Jamani, methali ya ufa na ukuta si tulifundishwa wote tangu darasa la kwanza! Lakini nani amwambie Fundi?

Akaja mgeni mmoja kutoka kanisa rafiki, mhandisi mzee, mfupi, asiyecheka. Akaipiga nguzo picha, akarudi kwao. Baada ya mwezi ikaja barua. Nilikuwa namenya viazi. Nikamwona shangazi anasoma, anavua miwani, anaipangusa, anasoma tena. Fundi alikuwa chumba cha pili akipiga mluzi. Shangazi akausikiliza ule mluzi kitambo, kisha akachukua kalamu.

Jumapili akasimama. "Wenzetu wanaikumbuka roshani yetu kwa namna ya pekee," alisoma, "na wanatusihi tuiweke katika maombi."

Basi tukaiombea. Haki ya Mungu, tuliiombea! Jumapili tatu mfululizo, wengine kwa machozi, na sisi wa kwaya tuliiombea tukiwa tumeikalia. Fundi alikaa kiti cha mbele, kichwa juu. Nyumbani nikamuuliza shangazi barua ilisema nini hasa.

"Ilisema nilichosoma."

Hakunitazama. Tangu hapo akawa anawahi kanisani kabla ya watu wote, anasimama chini ya ile nguzo na kuipapasa kama anayempima mgonjwa homa. Nilichukia kumwona vile. Niliogopa, na sikujua naogopa nini.

Miezi miwili ikapita, ikafika sikukuu ya ushirika wetu. Wageni ishirini na wawili wakaja, kwaya mbili zikapangwa kuimba pamoja, watu sitini juu ya roshani moja. Mlango wa ngazi ulikataa mpaka mpiga kinanda akaupiga bega. Nilipokaa, kalamu yangu ikaanguka, ikabingirika yenyewe hadi ukingoni. Jirani yangu akacheka. Mimi sikuweza.

Mhandisi mzee aliingia wa mwisho. Akatazama juu, akatuona. Akaenda moja kwa moja mbele, shangazi aliposimama tayari kutafsiri, akamshika mkono na kumwambia maneno machache. Shangazi akatikisa kichwa. Mzee akarudia, safari hii kwa sauti kubwa. Kanisa zima likangoja tafsiri.

"Mgeni anasema..." akaanza, na nikaijua ile sauti, sauti ya kunyofoa miiba. Kisha macho yake yakapanda, yakanikuta. "Anasema walituandikia mtu yeyote asipande pale tena, mpaka ibomolewe. Ni miezi mitatu sasa. Niliyewaficha ni mimi. Shukeni. Shukeni sasa hivi, polepole, msikimbie!"

Tulishuka, watu sitini kwa ngazi moja nyembamba, tukisukumana japo tumekatazwa.

Hapo Fundi akainuka. Hakumtazama mkewe.

"Miaka tisa," alisema. "Miaka tisa mmekalia mikono yangu, leo imekuwa mibovu?"

Wazee wakamshika koti, akawaachia hilo koti. Shangazi, aliyemwita Fundi miaka yote kama sisi, akapiga yowe, "Mume wangu, usipande! Nakuomba!" Akapanda. Tulimsikia ngazini, kisha tukamwona ukingoni peke yake, anatabasamu. Akapiga sakafu kwa mguu.

"Mnaona?"

Vumbi likamwagika. Akapiga tena.

Mlio ule sitauelezea.

Mficha maradhi kifo humuumbua: watu waliirudia methali hiyo msibani mpaka nikatamani kumwagia mtu chai. Wiki ya tatu ikaja barua ya rambirambi. Mchungaji, kwa huruma, akasema atafutwe mtu mwingine wa kuisoma. "Mtu mwingine yupi?" shangazi akamuuliza. Akasimama mbele yetu, na nyuma yetu turubai likipigapiga pale ukuta ulipokuwa umebomoka.

"Tunalia pamoja nanyi," alisoma. "Alikuwa ndugu yetu, tulichanganya naye zege. Lakini tuliwaandikia. Kwa nini hamkutusikia?"

Watu wakainama. Mchungaji akamsogelea na kumnong'oneza, nami nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mama, hayo ya mwisho si ungeyaacha tu."

Shangazi akaikunja barua.

"Nimeacha mengi, mchungaji," alisema.