Fimbo ya Treni na Sampuli ya Bure

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, treni yetu ilipiga honi na haikuondoka.

Ilikuwa treni ya makumbusho, nje ya Guangzhou: injini ya mvuke, mabehewa mawili, na njia moja ya reli ya kiwanda cha zamani, iliyohifadhiwa na wapenzi wa reli. Nilimshawishi rafiki yangu, mfanyabiashara wa Lubumbashi, tuipande kwa sababu inaishia karibu na Shiling, alikokuwa akienda kununua mikoba. Gari la kukodi lilitangulia kutungoja huko. Mwenye kiwanda cha mikoba alikuwa amesema wazi: mikoba mia tatu kwa bei ya zamani mpaka saa nne kamili, baada ya hapo kila mkoba unapanda yuan nane.

"Yaya, huyu dereva anangojea nini?"

Rafiki yangu ananiita yaya, yaani kaka mkubwa, ingawa umri wetu ni mmoja. Nje, stesheni masta, mama mwenye glavu nyeupe aliyetutembeza asubuhi ile katika chumba chake cha ishara, alikuwa akichungulia chini ya mabenchi.

Nikamweleza. Historia ya ishara za reli nimejifunza mwenyewe kwa kusoma, na ni nadra kupata msikilizaji asiyeweza kushuka. Zamani, nikasema, treni ziliruhusiwa kwa kutazama saa: ya kwanza ikishaondoka, unangoja kidogo, unaiachia ya pili. Ya kwanza ikiharibika njiani, ya pili inaigonga. Kwenye njia moja ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu treni hukutana uso kwa uso. Ndipo ikabuniwa fimbo. Kila kipande cha reli kina fimbo moja, na dereva asiyekuwa nayo haingii. Baadaye zikaja mashine za umeme, kisha taa. Reli hii ilibaki kwenye fimbo.

"Lakini treni ni hii moja. Itagongana na nani?"

"Sheria haiulizi."

"Bon. Basi aende mpaka kwenye kona tu." Akatoa kichwa dirishani. "Laoban, bosi, twende! Mikoba yangu inapanda bei!"

Stesheni masta alijibu *meiyou*, neno tunaloambiwa kila duka bidhaa ikiisha.

"Ameishiwa nini?"

"Fimbo."

"Watu wazima wanapoteza fimbo?" Akacheka peke yake. "Iko namna gani?"

"Ya mbao, nyekundu, urefu wa mkono, ncha zote mbili shaba."

Kicheko kikakatika. Aliketi, akavuta zipu ya begi lake polepole. Fimbo ilikuwa imelala kati ya vipande vya ngozi na vifungo vya mikanda.

"Yule mama alinipatia na mikono miwili," akasema. "Tukapiga picha, akacheka. Yaya, hapa Guangzhou nani amewahi kunipatia kitu na mikono miwili akitaka nikirudishe? Hiyo ni sampuli."

Barabara ya maduka ya jumla ya Zhanqian nzima inafanya kazi hivyo: muuzaji anakupa kipande kimoja, unakitia begini, unarudi na oda.

"Nilitaka kuagiza mia mbili," akaongeza. "Za kutundikia mapazia."

Aliirudisha kupitia dirisha, kwa mikono miwili. Stesheni masta aliipokea vivyo hivyo, akaifuta kwa leso, akampa dereva, kisha akafunga mlango wa chumba cha ishara kwa kufuli. Treni iliondoka saa nne kasoro dakika tano.

Kiwandani tulikuta bei mpya imeshaandikwa. Rafiki yangu hakubishana. Alisimulia kisa chote kwa simu ya kutafsiri na kwa mikono, mimi nikiigiza dereva asiyeondoka. Mwenye kiwanda akamwita mkewe aje asikie, kisha mafundi wa cherehani. Baada ya simulizi ya pili alipunguza yuan tano kwa kila mkoba. Ya tatu alikataa kuisikiliza. Zikabaki yuan tatu kwa mikoba mia tatu: hasara yuan mia tisa.