Masale Niliyoyabeba kwa Mikono Yangu

Baba yangu aliuawa kwa risasi kwenye mlango wa zizi lake, na aliyemuua ndiye aliyekuja kuwa jirani yetu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa siku hizi wakisikia habari za askari wa mkoloni wanadhani walikuwa Wazungu watupu. Mzungu alibaki kwenye gari. Aliyelenga bunduki alikuwa mtu wetu, wa kanisa letu, anayeongea Kimeru kama mimi.

Mimi nilikuwa tumboni. Haya yote nilipewa na mama, kidogo kidogo, tukipalilia kahawa. Mlowezi alilitaka eneo letu kwa ng'ombe wake. Serikali ikasema wenyeji wahame, wenyeji wakasema hatuhami, tumezika hapa. Wakaletwa askari. Walipoanza kuchoma nyumba vijana walirusha mawe, na askari wakafyatua. Watu wakakimbilia migombani, wengine wakaanguka njiani. Baba alikuwa ameshatoka salama, mama amemshika mkono, kisha akamkumbuka ndama aliyefungwa zizini. Akarudi kumfungua. Hakutoka tena.

Damu ile ndiyo iliyouamsha mlima. Kabla ya siku ile wazee walikuwa wakienda kwa mkoloni kofia mkononi. Baada yake walianza kukutana uani mwa kanisa baada ya ibada, na wanaume waliokuwa wakimwogopa hata karani wakasimama hadharani kusema mgeni aende kwao. Kadi za chama zilipofika huku juu zilikuta watu wameshaiva. Wasomi wanaandika kwamba Uhuru uliletwa na hotuba. Huku kwetu uliletwa na ndama.

Mama aliniachia neno moja tu: "Watu wa nyumba ile usiwaamkie mpaka waseme."

Waseme kwa midomo yao, mbele ya watu, kwamba ni baba yao aliyemuua baba yangu. Maana yule askari alipewa kipande cha eneo lile lile kama zawadi. Uhuru ulipokuja mlowezi akafunga virago, sisi tukarudi kwetu, tukamkuta yeye ndiye jirani. Akazeeka pale pale, akawa mzee wa kanisa, akafa kitandani akiimbiwa. Wote walijua, hakuna aliyesema. Alimwacha binti mmoja, mkubwa kwangu kidogo, na mpaka leo shamba lake na langu yanagusana.

Mimi niliishia darasa la nne. Nilibeba ndizi kichwani hadi soko la Tengeru, nikanunua mkokoteni, baadaye pikapu mbovu kwa Singasinga mmoja wa mjini aliyenifundisha kuifungua injini huku akinitukana kwa Kiswahili safi kuliko changu. Leo nyumba yangu ni ya mawe na watoto wangu wote wamesoma. Niliijenga pale juu makusudi, ili yule binti wa askari, naye sasa mama mtu mzima, kila asubuhi akifungua mlango aione. Sikumwamkia hata siku moja. Tukikutana njiani nilitazama mlima. Msibani nilikaa upande wa pili. Mwanawe alipotaka kupitisha bomba la maji kwangu nilikataa, akazunguka mbali. Simwombi mtu radhi kwa hayo.

Sasa, huku kwetu kuna masale. Kwa asiyeyajua, ni mmea wa majani marefu, tunaupanda mpakani na makaburini. Ukimkosea mtu ukataka yaishe, unachukua sale unampelekea. Akishalipokea, hakuna tena kugeuziana mgongo, hata kama ulimuulia ndugu. Lazima mkae mzungumze. Kwa hiyo nilikaa macho miaka yote hiyo. Yule mama alikuwa akituma watu kwangu wameshika sale, na mimi nikiliona tangu getini natoka kwa mlango wa nyuma, naenda shambani, sirudi mpaka wachoke. Nilitaka neno, sikutaka jani.

Mwaka juzi masika yalipoisha nilishuka kukagua mpaka, nikakuta mstari mpya wa masale umepandwa ndani ya shamba langu. Nilijua ni wajukuu wa yule mama. Damu ikanipanda kichwani. Wamemchukua baba, sasa wanachukua na udongo. Nikashika sale la kwanza nikang'oa, nikang'oa na la pili, nikamaliza mstari wote. Nikayakumbatia na matope yake nikashuka kwake nikitukana njia nzima. Nia yangu ilikuwa kuyatupa uani kwake, watu waone, aaibike.

Na watu walikuwapo. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa wanachambua maharage, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwa amepita kunywa chai. Nilipoingia wote wakanyamaza. Nilidhani wananiogopa.

Yule mama akaweka ungo chini. Akainuka taratibu, akapangusa mikono kwenye kanga, akainyoosha yote miwili. Kabla sijatupa, akawa ameshayashika.

"Nimepokea," akasema.

Hapo ndipo nilipoona nimebeba nini.

Mwanamke mmoja alianza kigelegele, mwenzake akamfinya. Mwenyekiti akavua kofia. Nikawaambia mimi sikuja kuomba radhi, nimekuja kurudisha takataka zao. Bibi mmoja asiye na meno akasema kumbe siku hizi takataka zinaletwa zimepakatwa kama mtoto. Wakacheka. Mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikachekwa uani kwa muuaji wa baba yangu.

Nikageuka niondoke. Mwenyekiti akanishika bega kwa adabu. "Mzee wangu, ukitoka sasa umeyavunja masale. Siku yako ikifika, nani atashika jembe?"

Alisema kweli. Huku mtu aliyevunja masale huchimbiwa kaburi na vibarua. Nikakaa. Lakini nikamsemesha yule mama, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Umepokea. Sasa sema."

"Niseme nini, mdogo wangu?"

"Unajua."

Akayatazama masale mapajani mwake. "Huniamkii, lakini unanituma," akasema. Kisha akainua uso, hakunitazama mimi, aliwatazama wale wanawake. "Baba yangu ndiye aliyempiga risasi baba yake. Akilewa alikuwa anasema alimwona mtu ameinama anafungua kamba ya ndama. Anasema alitaka kumngoja amalize. Hakumngoja."

Mikono yote ikaacha maharage. Habari ya ndama mama yangu hakumwambia mtu yeyote ila mimi.

Ningeweza kutosheka. Sikutosheka. Nikamwambia hapo uani si mahali pa neno lile, aende akaseme kaburini kwa baba yangu. Kwangu ni kupanda mlima na magoti yake ni mabovu. Mwenyekiti akaniomba nimwache apumzike kwanza. Nikasema baba yangu hakupumzishwa. Basi akapanda. Kila mara alisimama kuvuta pumzi, na mimi nilisimama mbele yake bila kumpa mkono, nikimtazama anavyohema. Sitadanganya, nilifurahi. Pale kaburini, chini ya migomba, alirudia yale yale kwa Kimeru, kwa sauti, wanawake wote wakiwa nyuma yake.

Mwenyekiti akaniambia sasa nimalizie mimi. Nikasema nimesikia. Zaidi ya hapo sikusema. Neno la kusamehe halikutoka, na mpaka leo halijatoka. Mama aliniambia nisiwaamkie mpaka waseme. Hakuniambia wakishasema niwapende.

Ule mpaka wajukuu zake waliurudisha mahali pake bila ubishi. Lakini masale hayafi ovyo. Yale niliyoyang'oa aliyapanda yote mbele ya mlango wake, kando ya njia, na yameshika, yamekuwa marefu. Jumapili watu wakitoka kanisani wanaulizana habari za masale hayo, na wanaambiwa haya aliyaleta mzee wa nyumba ya mawe, kwa mikono yake mwenyewe. Nimefikiria kwenda kuyang'oa. Lakini nikishayang'oa, nitayabeba niyapeleke wapi?

Juzi nilipita pale. Alikuwa anafagia. Aliponiona akasimamisha ufagio, akangoja, kwa sababu ameshasema, na ameshasema mbele ya watu, na mama yangu mwenyewe ndiye aliyeweka sharti hilo. Nikatazama mlima. Wingu lilikuwa limeufunika wote, hapakuwa na cha kutazama.

"Shikamoo," nikasema, kama mtu anayetema mbegu.

"Marahaba," akajibu, akaendelea kufagia.